Kurejea Mbioni Baada ya Masika: Mwili Haufunguliwi Maji Yote Siku Moja

Sala ya Alfajiri ilikuwa imekwisha na jamaa walikuwa wakitoka mmoja mmoja, pale mzee wangu mmoja wa safu ya mbele aliponishika mkono. Alikuwa ameniona nikisali juu ya kiti. Katibu wa msikiti, kijana wa miaka thelathini na ushei, amekaa kitini pamoja na wazee wenye maradhi ya miguu!

"Ustadhi, umepatwa na nini?"

"Goti, mzee wangu. Jana nilikimbia."

"Ulikuwa ukifukuzwa na nani?"

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini moyoni sikuwa na kicheko. Usiku ule nilikuwa nimejaribu kusujudu mara tatu, na mara zote tatu goti lilikataa kukunjika. Ndipo nilipotambua kwamba neema niliyokuwa nikiitumia kila siku bila kuihesabu, yaani kushuka na kuinuka mbele ya Mola wangu, nilikuwa nimeichezea kwa asubuhi moja ya kiburi.

Ndugu msomaji, nitaeleza lililotokea, kwa kuwa najua wako wengi watakaofanya kosa kama langu mara tu ardhi itakapokauka.

Kihurio iko tambarare, upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini, kando ya barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu kuelekea Bendera na Mkomazi. Milima iko magharibi yetu, hivyo jioni kivuli chake hutufikia mapema, na asubuhi jua hutupiga bila kizuizi. Mwenye kutaka kukimbia huku huwahi baada ya Alfajiri au husubiri kivuli cha milima baada ya Alasiri. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu: kilomita kumi, siku tatu kwa wiki. Sikuanza kwa ajili ya kushindana na mtu. Nilianza baada ya kupimwa zahanati na kuambiwa kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda, nami bado sijafika miaka arobaini. Marehemu baba yangu aliondoka kwa kiharusi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika nchi za baridi wakimbiaji hupumzika theluji inapoanguka. Sisi hatuna theluji, lakini tuna likizo yetu. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, miezi ya joto kali huku chini. Mfungaji huhifadhi nguvu zake kwa ajili ya kazi, tarawehe na kisomo. Idi ikipita, masika yanaingia: vijia vya mashambani vinakuwa tope, mifereji inafurika, na kila mtu yumo katika majaruba ya mpunga. Kabla hujatanabahi, miezi mitatu imepita na raba zako zimeota ukungu nyuma ya mlango.

Masika yalipokatika nilizitoa raba zangu, nikazikung'uta na kutoka. Vijana wawili wa madrasa waliniona wakaniuliza kama bado naweza. Badala ya kujibu kwa ulimi, nilijibu kwa miguu. Nilikimbia kilomita zote kumi kama nilivyozizoea, tena kwa mwendo wa zamani. Pumzi ilinibana mwanzoni, kisha ikafunguka, nikajiona sijapoteza kitu. Jioni goti likavimba.

Mzee wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa mfano ambao kila mkulima wa Upareni anaufahamu. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya milimani, ili yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. "Mfereji uliokaa mkavu," akaniambia, "hufungulii maji ya ndiva yote kwa mkupuo. Utabomoa kingo, na shamba lako halitapata hata tone. Unafungua kidogo, unauacha udongo unywe, unaongeza." Akachukua bakora yake akaenda zake.

Baadaye nilikuta kwamba maneno ya mzee yanaafikiana na elimu ya afya. Utafiti uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980 uliwafuatilia watu waliozoea mazoezi mazito, kisha wakaacha kabisa kwa wiki 12. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, ukafikia upungufu wa takriban asilimia 16 baada ya wiki nane, kisha ukatulia hapo. Sababu kubwa ya mporomoko wa mwanzo ni damu: maji yaliyomo ndani yake hupungua, na moyo husukuma kiasi kidogo zaidi kwa kila pigo.

Hapo kuna habari njema na kuna mtego. Habari njema ni kwamba maji ya damu ndiyo yanayotangulia kurudi mtu anapoanza tena, hivyo pumzi huimarika ndani ya wiki chache. Mtego ni kwamba kano, gegedu na mifupa hurudi polepole zaidi. Mkimbiaji anasikia pumzi imefunguka, anadhani mwili mzima umeruhusu, anaongeza mwendo. Maji yamekuja, lakini kingo bado hazijashikamana. Kwa hiyo wengi hawaumii kwa kukosa pumzi, bali huumia kwa kuipata mapema.

Tukirejea katika sira, tunakuta mafunzo yasiyochakaa. Amepokea Abu Dawud kisa cha Bi Aisha (RA) aliyekuwa safarini na Mtume (SAW), wakashindana mbio kwa miguu na Bi Aisha akashinda. Baada ya muda, mwili wake ukiwa umenenepa, walishindana tena, na safari hii Mtume (SAW) akashinda, akamwambia kwa upole kwamba ushindi huu ni wa kulipa ule wa kwanza. Tuzingatie: Bi Aisha mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwamba mwili wake ulikuwa umebadilika. Hakuona haya kukiri hivyo, wala hakukataa kukimbia kwa sababu hiyo. Mimi, mwanamume mzima, nilishindwa kukiri mbele ya vijana wawili.

Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Salama bin Al-Akwa' (RA), Swahaba aliyesifika kwa mbio. Walipokuwa wakirejea Madina, mtu mmoja wa Ansari ambaye hakuwahi kushindwa aliwaita watu washindane naye. Salama aliomba ruhusa kwa Mtume (SAW), akateremka. Hakutoka kwa kasi yake yote. Alijizuia mwinuko mmoja au miwili ili kuhifadhi pumzi, akasogea, akajizuia tena, kisha ndipo akamfikia mwenzake na kumpita. Huyo ni mtu aliyekuwa na kasi, naye bado akaitawala.

Na ambaye atasema kujizuia ni udhaifu, na amkumbuke Abdullah bin Amr bin Al-As (RA). Alikuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, na Mtume (SAW) akamwelekeza kupunguza, akimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Abdullah akaomba aruhusiwe zaidi na zaidi. Uzee ulipomjia alitamani lau angelikubali wepesi aliopewa. Ikiwa hata ibada imewekewa kiasi, sembuse mbio?

Basi baada ya goti kupona, nilianza upya kwa utaratibu ninaouweka hapa kwa faida ya wengine. Nilichagua Jumapili, Jumanne na Ijumaa. Jumatatu na Alhamisi zinabaki kwa mwenye kufunga sunna, na Ijumaa asubuhi mtu hukimbia kisha akaoga josho la Jumaa.

Wiki mbili za mwanzo: dakika nne za kutembea kwa haraka na dakika moja ya kukimbia taratibu, mara sita. Jumla ni nusu saa. Wiki ya tatu na ya nne: dakika tatu za kutembea, mbili za kukimbia. Wiki ya tano na ya sita: mbili za kutembea, tatu za kukimbia. Wiki ya saba na ya nane: dakika ishirini za kukimbia bila kusimama, zikitanguliwa na kufuatiwa na dakika tano za kutembea. Baada ya hapo ndipo uongeze kidogo kidogo, na usiongeze umbali na mwendo katika wiki moja. Ukiona wiki imekuwa nzito, irudie. Hakuna anayekudai.

Saa ya kupimia mapigo ya moyo sina. Kipimo changu ni dhikri. Nikiweza kutamka Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar kwa mfululizo bila kukatika pumzi, mwendo ni sahihi. Nikianza kukatika katikati ya neno, natembea.

Njia nayo ina hukumu yake. Kingo za mifereji zina udongo laini unaopokea mguu vizuri, lakini baada ya masika zina mashimo yaliyofunikwa na nyasi, zitembee kwanza. Barabarani kaa upande ambao magari na bodaboda vinakujia usoni. Raba za mtumba hazina ubaya, ila zikunje uone soli. Ikiwa imeliwa upande mmoja, itauvuta mguu wako upande huohuo. Suruali ivuke magoti, kwani sitara haiondoki kwa sababu ya mazoezi.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo aanze kwa mganga wake. Anayetumia dawa za kisukari asitoke na njaa bila ushauri. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa wa muundi ni amri ya kusimama siku hiyohiyo.

Jambo hili si la wanaume peke yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa kila mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kutembea haraka kunatosha. Dada zetu wanaweza kutoka wawili watatu baada ya Alfajiri, au mume akafuatana na mkewe. Katika kisa cha Bi Aisha, Mtume (SAW) aliwatanguliza watu mbele kwanza, ndipo akashindana naye. Faragha ilihifadhiwa, na furaha ya ndoa haikunyimwa nafasi yake. Nyumbani kwangu sasa Jumapili tunakwenda wawili, na mama watoto ndiye mwenye kuhesabu dakika, kwa sababu mimi, anasema, nina tabia ya kujidhulumu.

Kwa vijana wa madrasa nina neno. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wengi wenu mliona mita zile za mwisho na mnataka kukimbia hivyo. Kumbukeni kwamba medali yake ya shaba ya London ilikuwa ya mwaka 2017. Kati ya London na Tokyo kuna miaka minane ya asubuhi ambazo hakuna aliyezipigia makofi. Mita za mwisho zinajengwa huko.

Na kwa Ramadhani ijayo, inshaAllah, nimeweka nia ya kutoiacha miguu ikauke kabisa: kutembea nusu saa kabla ya futari, mara mbili kwa wiki. Mfereji unaopitiwa na maji kidogo haupasuki.

Ilikuwa wiki ya sita niliporudisha kiti mahali pake. Nilishuka kwenye sijda ya Alfajiri polepole, nikisubiri goti lilalamike, nalo likanyamaza. Nilikaa chini kuliko kawaida yangu. Tulipotoka, yule mzee alinitazama miguuni, kisha usoni. "Bado unafukuzwa?" akauliza. Nikamjibu kwamba siku hizi natembea zaidi kuliko ninavyokimbia. Akasema, "Basi utafika."

Tunamwomba Allah (SW) atuhifadhie viungo vyetu, atujaalie kuvitumia katika twaa yake, na awarehemu wazazi wetu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.