Mbwa wa Shamba Anayekula kwa Pupa

Msimu wa karafuu unapokaribia, wanachama wenye mashamba ya mbali huanza kuulizana wapi patapatikana mbwa wa kulinda. Nao hawana makosa. Mbwa mmoja mwenye sauti nzuri hutosha kumwamsha mlinzi aliyepitiwa na usingizi kando ya majamvi, na kima hawampendi hata kidogo. Lakini tukishampata mbwa huyo, wengi wetu hatujui namna anavyokula. Sababu yake ni wazi. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, ila hatukai naye nyumbani. Mate yake yana hukumu yake, na chombo chake huwekwa mbali na vyombo vyetu. Basi ampelekaye chakula hukimwaga chote mara moja, akageuka akaenda zake. Hajafika mlangoni, mbwa amekwisha maliza.

Tunawaomba wanachama wasimame kidogo siku moja watazame.

Kwanza, si haki kumwita mbwa mlafi kwa sababu hatafuni. Ana meno 42, na mengi katika hayo ni ya kushika, kurarua na kukata. Taya lake hupanda na kushuka tu, wala halisagi kwa kwenda upande kama la ng'ombe. Mate yake nayo hayafanyi kazi kubwa ya kuyeyusha wanga. Kazi hiyo huwa ndani, kwenye utumbo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa amemzidi mbwa-mwitu kwa mbali katika kuyeyusha wanga, jambo linaloonyesha namna alivyozoea kula vyakula vya watu. Kwa hiyo muhogo uliopikwa na ukoko wa wali humfaa, ingawa havimtoshi pasipo kitoweo. Yeye huvimeza, na kumeza si maradhi.

Linalotutia wasiwasi ni mbwa ameza vipande vikubwa mfululizo bila kupumua, kama mtu anayekimbizwa. Mara nyingi mbwa huyo kweli amekimbizwa. Alizaliwa pamoja na wenzake saba au wanane, wote wakagombea chungu kimoja, na aliyechelewa akalala na njaa. Au hupewa chakula mara moja tu kwa siku, tena siku nyingine mlinzi husahau. Au wako mbwa wawili kwenye karai moja, na kila mmoja hula kwa kumwangalia mwenzake. Na yuko mbwa ambaye hula sana, hula mbio, na mbavu zake bado zinahesabika. Huyo huenda ana minyoo, na dawa yake ipo kwa bwana mifugo. Kumwongezea chakula bila kumpa dawa ni kuwalisha minyoo.

Madhara yake yanatofautiana. La kawaida ni kutapika. Mbwa hula, baada ya kitambo kidogo hukirudisha chakula kama kilivyoingia, kisha akakila tena. Haipendezi kutazama, lakini ikitokea mara moja moja hapana hofu. Kubwa kuliko hilo ni kukwamwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa kama vijiti vyenye ncha, na mbwa ameza kwa pupa haibagui. Miba mikubwa ya samaki ni hivyo hivyo. Vitu hivyo visitiwe kabisa katika chakula chake, hata mpishi wa kambi akisema mbwa wa kwao wamekula miaka yote.

La tatu huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wa Kijerumani ambao watu huwaleta kwa ajili ya ulinzi. Tumbo hujaa hewa, na pengine hujipinda. Mbwa huhangaika, tumbo humvimba likawa gumu, hujaribu kutapika na hakitoki kitu. Asipopasuliwa na daktari wa wanyama upesi, hufa kwa muda wa saa chache. Kula mbio, na kula chakula kingi kwa mkupuo mmoja, ni katika mambo yanayoongeza hatari hiyo. Zamani wenye mbwa wa namna hiyo walishauriwa kukiinua chombo juu ya kibao; lakini uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliotolewa mwaka 2000, ulikuta kwamba chombo kilichoinuliwa kilikwenda pamoja na hatari kubwa zaidi. Basi chombo na kikae chini.

Kumpunguzia mbio hakuhitaji kununua kitu. Chakula cha siku kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni, kwa saa zisizobadilika, maana mbwa akijua kwamba cha jioni kipo, cha asubuhi hakimtii kiwewe. Mbwa wawili walishwe mbali mbali, pasipoonana. Badala ya chungu chenye shimo, tumia sinia kuukuu au karai pana, ukikitandaza chakula, na katikati uweke jiwe laini, kubwa kuliko kinywa chake, alizunguke. Sisi tunapenda zaidi vifuu. Vifuu vitano au sita vilivyopangwa hatua moja moja uwanjani, kila kimoja na konzi ya chakula, humfanya mbwa anyanyue kichwa, atembee, apumue, kisha aanze tena. Akiwa na tabia ya kuvitafuna, mwondolee, rudi kwenye sinia. Maji yawepo siku zote. Na akimaliza kula, apumzike. Si wakati wa kumwachia akimbizane na kima.

Watoto wasimkaribie akiwa anakula. Mbwa aliyezoea kunyang'anywa huuma kwanza.

Sasa liko jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Mtu akishajua kwamba mbwa wake hula kwa pupa, akamkuta siku moja kinywa kiko wazi, taya limelegea, mate yanachuruzika na kumeza hawezi, mara moja hudhani mfupa umemkwama, na kwa huruma yake humtia mkono kinywani. Haifai! Kichaa cha mbwa nacho huja kwa sura hiyo hiyo. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huko akiuma watu; wako wanaokaa kimya, taya likalegea, sauti ikabadilika, na ugonjwa umo ndani ya yale mate. Hupita kwenye mchubuko mdogo wa kidole, na wachumaji wa karafuu ni nani kati yao asiye na mchubuko? Ugonjwa ukishaanza kujionyesha kwa mtu, karibu kila mara humwua.

Kisiwani kwetu Pemba kichaa hicho kiliondolewa kwa kuchanja mbwa mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016, na ikabidi kazi irudiwe mpaka kikaondoka mwaka 2018. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hayo ni ya bara. Mbwa aliyeletwa kwa chombo aulizwe chanjo yake kabla hajafungwa shambani.

Ukimkuta mbwa katika hali hiyo, mtenge mahali asipoweza kutoka ikiwa waweza bila kumgusa, zuia watu, na umwite bwana mifugo. Yeye ndiye atakayesema kama ni mfupa. Aliyekwisha guswa na mate penye jeraha, au kuumwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya sindano. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.