Ada za Watu wa Mtumbwi katika Ghuba ya Winam

Katika ada zote za watu wakaao kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Dunga na Usoma penye mji wa Kisumu hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano, hapana, kwa rai yangu, iliyo na mizizi mirefu kuliko ada ya watu kushirikiana chombo kimoja: kukiunda pamoja, kukisukuma majini pamoja, kugawana riziki yake kwa kaida inayojulikana, na mmoja wao akipatwa na msiba, kuupokea msiba ule kana kwamba umeingia katika kila nyumba. Serikali imekuja na sheria zake na wafadhili wamekuja na fedha zao, lakini vyama vya wavuvi wa ghuba hii vimesimama kwa sababu ya watu wanaojitolea bila ya ujira, nao walikuwapo kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa.

Asili ya ushirika huo imo katika chombo chenyewe. Mtumbwi ulioenea ghubani ni ule wa namna ya Sese, ulionasibishwa na visiwa vya upande wa Uganda: mkuku wake huchongwa kwa gogo moja, omo yake hutokeza mbele juu ya maji, na mbao za ubavuni zamani zilishonwa kwa nyuzi za miti badala ya kupigiliwa misumari, sawasawa na mafundi wa Lamu walivyoishona mitepe yao kwa kamba za makumbi. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja abadan. Wasuba wa visiwani, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Uganda, walisifika kwa maarifa hayo. Lakini fundi, hata awe hodari vipi, alihitaji wa kuangusha mti, wa kuukokota, wa kuziba nyufa na wa kukishusha chombo majini, na shukurani yao ilikuwa karamu ya mwenye chombo. Wazee husimulia kwamba mtumbwi mpya ulipokewa kwa taadhima ya bibi arusi, ukapewa jina na kushangiliwa. Na hata leo mitumbwi ya ghuba hii hubeba majina yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi zing'aazo.

Riziki nayo ina kaida yake. Samaki wakishauzwa na gharama zikishaondolewa, pato hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu na la mabaharia. Wavuao omena, ambao ndio dagaa wa ziwani, hutoka na taa usiku usio na mbalamwezi, na humo mtumbwini mwenye kuchunga taa, mwenye kushika kasia na mwenye kuvuta wavu hutegemeana kiasi ambacho uzembe wa mmoja huwakosesha wote chakula cha kesho.

Ada hizi zimepitia mitihani mikubwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, siku hizo mji ukiitwa Port Florence, samaki wa ghuba walipata soko la mbali. Na nyavu za kitani zilipoingia mwaka 1905, tamaa ilipata nyenzo. Uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka 1927 na 1928 ulidhihirisha kwamba ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa amekwisha kupungua kwa sababu ya nyavu hizo. Kisha akaja mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, na pamoja naye, miongo michache baadaye, vikaja viwanda na matajiri wa mbali wenye mitumbwi wasiyoipanda, hata baharia aliyekuwa mshiriki akaanza kuhesabiwa kuwa kibarua.

Lakini iko ada moja ambayo fedha haikuweza kuivunja. Mtumbwi ukipinduka na mtu akazama, uvuvi husimamishwa, na mitumbwi ya ufuo ule, na mara nyingi ya fuo za jirani, hutoka kumtafuta marehemu hadi apatikane, ijapokuwa kila siku inayopita ni siku ya njaa kwa watafutaji. Hapana mshahara kwa kazi hiyo, wala hapana anayeudai.

Kwa hivyo kanuni za mwaka 2007 zilipoanzisha kamati za usimamizi wa fuo, zijulikanazo na kila mtu kwa jina la BMU, hazikuwafundisha wavuvi kushirikiana. Ziliwapa dhamana iliyoandikwa: kuchagua viongozi wao kwa kura, kuandikisha vyombo, kupiga vita nyavu haramu, na kusimamia mapumziko ya omena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Penye wazee waliozoea kutumikia watu wao bila ya kulipwa, kamati zimepata nguvu. Na pasipo na wazee wa namna hiyo, muhuri wa serikali peke yake haujamzuia mtu kutupa wavu wa macho madogo.

Fauka ya hayo, ushirika huu umejua kujirekebisha. Zamani mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvulia. Yeye alingoja ufuoni kununua samaki, na samaki walipoadimika ikazuka biashara ya aibu iitwayo jaboya, ambamo mchuuzi alidaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki, na maradhi yakazifilisi nyumba nyingi. Yapata mwaka 2011, akina mama wa ufuo wa Nduru, karibu na Kisumu, waliunda chama chao kuipinga biashara hiyo, wakapata mitumbwi yao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume kuvua. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliufunika ufuo wao na kuwatawanya. Lakini walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba desturi ya kushirikiana chombo ni pana kuliko mwiko uliokuwa umeizunguka.

Huko Dunga, vijana wamejiunga kuwapeleka wageni kwa mitumbwi hadi kwenye mafunjo kutazama ndege, wakiyalinda mafunjo yale yale ambamo samaki huzaliana. Na gugu maji lililoanza kuziba fuo katika miaka ya 1990 limekuwa likipigwa kwa mapanga na mikono ya watu wa fuo zenyewe.

Basi nasaha yangu kwa vijana wa ghuba ni hii: ingieni katika vyama hivi, hudhurieni mikutano yake, na mkabidhiwapo uongozi, utumikieni kama walivyoutumikia wale wasiolipwa. Ziwa haliwezi kuchungwa na askari wa doria peke yao, kwa kuwa doria huja na kuondoka, ilhali watu wa mtumbwi wapo kila alfajiri, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina.