Makelele Nyuma ya Maneno: Tusisubiri Kompyuta Ituokoe



Kila mara vijana wananiita kuwashikia mikro kwenye filamu zao hapa Bukavu, kuna sentensi moja naisikia: "Usihangaike, kaka, hiyo makelele tutaitoa ku kompyuta." Leo nataka kueleza kwa nini sentensi hiyo inatuuzia filamu mbovu, na nini tunaweza kufanya hata kama tuko na vifaa vidogo tu.

Tuanze na msingi. Mikro haisikii kama sisi. Ukisimama na rafiki yako katikati ya soko la Kadutu, ubongo wako unachagua sauti yake na kusukuma zingine kando. Mikro haichagui. Pikipiki, jenereta ya jirani, kwaya inayofanya mazoezi, mvua juu ya mabati, vyote vinaingia pamoja na maneno. Kuvitenganisha baadaye ni kama kutafuta kutoa chumvi ndani ya sombe iliyokwisha kuiva.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni umbali. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya kinywa na mikro, sauti ya msemaji inapanda karibu desibeli 6. Kutoka mita 1 mpaka sentimita 50, umepata 6. Ukifika sentimita 25, umepata 12. Makelele ya barabara yanabaki pale pale, juu barabara yenyewe haijasogea. Wengi wetu tunaacha mikro juu ya kamera, mita 2 au 3 mbali na mwigizaji, halafu tunapandisha kiwango cha kurekodi. Hapo hatujapata kitu: sauti imepanda, na makelele yamepanda nayo. Huna mikro ya kufunga kwenye fimbo? Weka simu ya pili ndani ya mfuko wa shati la mwigizaji, ianze kurekodi, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakusaidia kulinganisha picha na sauti wakati wa kuunganisha.

Dawa ya pili ni mahali na saa. Tunachagua nyumba kwa macho: ukuta mzuri, mwanga mzuri, ziwa linaonekana dirishani. Tuchague na kwa masikio pia. Nenda pale saa ileile mtakayopiga filamu, funga macho, nyamaza dakika moja nzima. Utasikia frigo, utasikia kinu cha kusaga unga, utasikia watoto wanaotoka masomo. Frigo inazimwa. (Weka ufunguo wa nyumba yako ndani yake, hutaenda kulala bila kuiwasha tena.) Kinu kina saa zake, na mwenyewe ukimwendea kwa heshima anaweza kukupa nusu saa. Jenereta isogezwe mbali, nyuma ya ukuta, au tumia betri.

Hapa kuna kitu watu wanachanganya. Blanketi ukutani zinapunguza mwangwi wa ndani ya chumba, na hiyo ni faida kubwa. Lakini hazizuii pikipiki ya inje. Mwangwi na makelele ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake.

Dawa ya tatu haigharimu hata franka moja. Kabla ya kuondoka, omba kila mtu anyamaze, mrekodi chumba kitupu kwa sekunde 30 mpaka 60, mikro ikiwa palepale. Kila chumba kina pumzi yake. Ukikata sentensi mbili na kuziunganisha, pumzi hiyo ndiyo inaziba pengo. Bila hiyo mtazamaji anasikia shimo, hata kama hajui jina lake.

Sasa tufike ku kompyuta, juu siikatai. Programu kama Audacity ni ya bure. Unaionyesha kipande chenye makelele peke yake, inakijifunza, halafu inakipunguza kote. Inafanya vizuri kwa makelele yasiyobadilika: mvumo wa feni, au mlio wa umeme, ambao kwetu unakaa kwenye hezi 50, na mara nyingi 100 na 150 pia. Mingurumo ya chini ya hezi 80 unaweza kuikata kwa maneno mengi ya kawaida bila kuumiza sauti. Lakini honi, mbwa, au mhubiri mwenye kipaza sauti vinabadilika kila sekunde, na vinakaa katika eneo lilelile la sauti ya mtu. Ukilazimisha, herufi kama s na f zinakufa, na msemaji anakuwa kama mtu aliyezama majini. Punguza desibeli 6 au 10, kisha acha. Makelele kidogo yanayotulia yanavumilika kuliko sauti iliyochunwa ngozi.

Kwa nini naliona jambo hili kuwa zito? Mwigizaji anaweza kurudi, tukarekodi maneno yake upya mbele ya picha. Lakini filamu nyingi tunazofanya huku ni za ushuhuda. Mama anayeeleza alivyokimbia kijiji chake hawezi kuombwa kuigiza machozi yake mara ya pili. Mzee anayejua majina ya zamani ya vilima vyetu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Mashi, pengine hatakuwepo mwaka ujao. Jenereta ikifunika neno lake moja, neno hilo limeenda, na kompyuta haina mahali pa kulitoa.

Basi, wandugu, mkienda kurekodi, mtu mmoja apewe kazi moja tu: kuvaa ekutere za masikioni na kusikiliza. Na apewe haki ya kusema "tusimame kwanza," hata kama mwanga unaisha na kiongozi wa filamu amekasirika.