Askari wa Gereza na Mafunzo Yake

Watu wengi wa Nakuru hudhani ya kwamba kazi ya askari wa gereza ni kufungua lango na kulifunga. Yafaa ifahamike kuwa funguo ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Askari ndiye anayewahesabu wafungwa asubuhi na jioni, ndiye anayewapeleka mahabusi mahakamani, ndiye anayemlinda mgonjwa hospitalini. Na akibakiwa na nafasi, ndiye anayemfundisha mfungwa useremala au ushonaji. Shida yenyewe imo katika maneno hayo, "akibakiwa na nafasi".

Mfano wa siku moja utalieleza jambo hili. Mfungwa mmoja akilazwa hospitalini, hapana budi askari wakae naye mchana na usiku, zamu kwa zamu. Siku hiyo hiyo mahabusi wanangojewa na hakimu, na kundi jingine liko shambani, kwa kuwa wafungwa wa Nakuru na Naivasha hulima. Lango nalo haliwezi kuachwa bila mlinzi hata kwa dakika moja. Basi mkuu wa gereza akipungukiwa na watu, atawatoa wapi? Aghalabu atawatoa karakanani na darasani, kwa maana fundi asipofundisha leo hakuna atakayetoroka kwa sababu hiyo. Hasara yake huonekana baadaye. Kijana aliyekuwa akijifunza uashi ili afanye mtihani wa ufundi wa serikali hushinda amefungiwa, na siku yake ikifika hutoka vile vile alivyoingia, akarudi Njoro au Molo kwa majirani wale wale aliowaibia.

Upande wa wanawake mambo ni magumu zaidi. Kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela, zilizokubaliwa mwaka 2015, zasema ya kwamba mfungwa mwanamke asimamiwe na askari mwanamke. Kwa hiyo askari mwanamume hawezi kuazimwa kujaza pengo. Tena sheria ya Kenya humruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto wake mchanga mpaka mtoto atimize miaka minne. Askari wa Gereza la Wanawake la Nakuru hana budi kujua habari za uji, chanjo na homa ya mtoto, na mtoto huyo hana kosa lolote wala hakuhukumiwa na mtu. Kwata peke yake haimfundishi askari mambo kama hayo.

Kurutu wa magereza hupelekwa katika chuo cha Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Huko hufundishwa kwata, matumizi ya silaha, sheria ya magereza na namna ya kumtunza mfungwa pasipo kumvunjia heshima. Kisha hutumwa kituoni, pengine Naivasha penye wafungwa wa vifungo virefu, pengine Eldama Ravine au Nyahururu. Hapo ndipo mafunzo ya kweli huanza, kwa maana mfungwa wa miaka mingi humjua askari mgeni upesi kuliko askari anavyomjua yeye. Kanuni zilizotungwa Geneva mwaka 1955 zilikwisha kuagiza ya kwamba askari afundishwe kabla ya kuanza kazi, na aendelee kufundishwa kazini. Sehemu hii ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu ile ile: anayekwenda kusoma huacha zamu tupu nyuma yake.

Idara ya Magereza ilianzishwa mwaka 1911, na katika historia yake umo mfano wa kutisha. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, kambi za vizuizi ziliongezeka ghafula, na askari wengi wakaandikwa kwa haraka. Hata mifereji ya kunyweshea mashamba ya Perkerra, karibu na Marigat, ilianza kuchimbwa mwaka 1954 na watu waliokuwa kizuizini. Tarehe 3 Machi 1959, kule Hola katika bonde la Mto Tana, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa na askari hata wakafa, na kwanza ikatangazwa ya kuwa waliuawa na maji waliyokunywa. Mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi ulitoka kwa wakubwa, lakini waliopewa virungu ni askari waliojua kutii tu.

Askari mwenyewe naye ana malalamiko yake, na si haki kuyanyamazia. Aprili 2008 nchi nzima iliyasikia, askari wa magereza walipogoma kwa ajili ya posho na makazi mabaya. Serikali iliunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza mambo hayo. Mtu aliyelala vibaya katika nyumba ya kubanana pamoja na watoto wake hawezi kuamka akawa mwalimu mvumilivu.

Iko njia nyingine ya kupunguza mzigo huo. Sheria ya mwaka 1998 humruhusu hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi ya kutumikia jamii, kama kufagia hospitali au kupanda miti shuleni, naye akalala kwake. Kila mtu anayetumikia adhabu yake hivyo huwapunguzia askari mzigo, wapate nafasi ya kurudi karakanani.

Vijana wanaotaka kazi hii wangoje tangazo la serikali, na watayarishe kitambulisho na vyeti vyao halisi vya shule kama tangazo litakavyoagiza. Kuandikwa hakuna malipo. Mtu yeyote adaiye fedha ili amwingize kijana Ruiru ni mlaghai, na apelekwe habari zake polisi.