Mchoro wa Kompyuta Nao ni Jasho: Bei Yake Ihesabiwe Vipi?

Katika ukurasa huu tumezoea kuwasemea watu wa viwanda vya nguo, wa mashamba ya chai na wa reli. Safari hii tunamzungumzia mfanyakazi ambaye hana kiwanda, hana msimamizi, wala hana kengele ya kumwita kazini. Huyu ni mchoraji wa kujitegemea, kijana wa kike au wa kiume aliyeketi chumbani kwake Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, mbele yake kibao cha kuchorea na kalamu ya kielektroniki. Anamchorea mteja aliyeko Toronto picha ya marehemu baba yake, au anamchorea mwandishi wa hadithi jalada la kitabu. Oda huja kwa intaneti, kazi hurudi kwa intaneti, na fedha, zikija, huingia kwenye simu.

Wengi humwita mtu huyu bosi wa nafsi yake. Sisi tunasema ni mfanyakazi, tena wa kazi ya kipande, yaani hulipwa kwa kila kitu anachomaliza na si kwa saa alizokitumikia. Mchuma chai naye hulipwa hivyo, kwa kilo. Lakini mchuma chai anajua kilo moja inalipwa shilingi ngapi kabla hajaingia shambani. Mchoraji wetu hajui. Kila oda ikija anapanga bei upya, akiwa peke yake, huku mteja akimwambia kwamba yuko mwingine anayechora kwa bei nafuu zaidi.

KOMPYUTA HAICHORI

Wapo wanaodhani kwamba picha iliyochorwa kwenye kompyuta imejichora yenyewe, na kwa sababu hiyo haistahili bei ya picha ya rangi na turubai. Dhana hii ndiyo mzizi wa ubishi mwingi wa bei. Ukweli ni kwamba kila mstari huvutwa kwa mkono. Mchoraji huanza na rasimu, akaipeleka kwa mteja. Mteja husema pua si ya baba yake. Mchoraji hurekebisha, akaweka mistari safi, akapaka rangi tabaka juu ya tabaka, akatafuta mwanga unaotoka upande gani, kisha akahangaika na nywele na mikono, ambazo kila mchoraji atakuambia ndizo zinazokula saa. Kilichobadilika ni karatasi na rangi tu. Plau haikumfanya mkulima aache kuwa mkulima.

Maumivu nayo ni ya kazi ya mkono: kifundo cha mkono, shingo, mgongo na macho. Mfanyakazi wa kiwandani akiumia anaweza kudai fidia kwa mwajiri. Mchoraji wa kujitegemea akiumia hana wa kumdai, kwa hiyo siku za ugonjwa nazo hazina budi kuwamo katika bei yake.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mchoraji mmoja na tuhesabu kwa shilingi za Uganda. Hizi ni namba za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Kibao na kalamu vimenunuliwa kwa shilingi 1,800,000 na vitafaa kwa miaka 3, basi ni shilingi 50,000 kila mwezi. Kompyuta ya shilingi 2,400,000 ikidumu miaka 4 ni 50,000 nyingine. Intaneti tuseme 100,000, umeme 60,000, na ile sehemu ya kodi ya chumba inayotumika kwa kazi 140,000. Jumla ni shilingi 400,000 kwa mwezi, hata kabla mchoraji hajanywa chai. Chakula, kodi iliyobaki, nauli, matibabu, karo ya mdogo wake na akiba kidogo tuviweke shilingi 1,200,000. Kwa hiyo kila mwezi kazi haina budi kuleta shilingi 1,600,000.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu hufanya kazi saa 40 kwa wiki, akagawa fedha kwa saa hizo 40. Lakini katika saa hizo anajibu barua za wateja, anatafuta oda mpya, anafuatilia malipo yaliyochelewa, anasubiri umeme urudi. Saa za kuchora hasa, zile ambazo mteja fulani anaweza kutozwa, mara nyingi hazizidi nusu. Tuseme ni 20 kwa wiki, au 80 kwa mwezi. Shilingi 1,600,000 ukizigawa kwa 80 unapata shilingi 20,000 kwa saa. Picha ya sura ya mtu iliyochukua saa 9 bei yake ni shilingi 180,000.

Mteja anakuja na dola 15. Tukihesabu dola moja kuwa shilingi 3,600, hizo ni shilingi 54,000. Kama kazi imepitia soko la mtandaoni linalokata asilimia 20, mchoraji anapokea 43,200. Gawa kwa saa 9: shilingi 4,800 kwa saa. Rudi sasa kwenye zile gharama za vifaa, intaneti, umeme na chumba, yaani shilingi 400,000 kwa saa 80. Ni shilingi 5,000 kwa saa. Ndugu zangu, mchoraji huyu hakupata hata senti moja ya chakula. Kila saa aliyochora amemwongezea mteja shilingi 200 kutoka mfukoni mwake, tena akashukuru kwa kupata oda.

Watu hufika hapo kwa sababu fedha inaonekana leo na gharama zinaonekana baadaye. Shilingi 43,200 zikiingia kwenye simu jioni, zinanunua unga. Kibao kitakufa mwaka kesho kutwa, na siku hiyo ndipo mchoraji atakapogundua kwamba alikuwa akila kibao chake kidogo kidogo.

DALALI NA FUNGU LAKE

Masoko ya mtandaoni ni madalali, na dalali ana fungu lake. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Wachoraji wengi hujaribu kulifidia fungu hilo kwa kuongeza asilimia 20 juu ya bei yao, na hapo wanapunjika. Shilingi 180,000 ukiziongeza asilimia 20 zinakuwa 216,000. Dalali akikata asilimia 20 ya hizo, yaani 43,200, unabaki na 172,800. Njia sahihi ni kugawa: 180,000 kwa 0.8, unapata 225,000. Dalali achukue 45,000 yake, nawe ubaki na jasho lako kamili.

Serikali nayo ina mkono wake. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Kwa mtu anayetazama picha za harusi, huo ni usumbufu. Kwa mchoraji ni kodi juu ya jembe.

Na dalali anaweza kubadilisha masharti apendavyo. Tarehe 11 Aprili 2022 soko la Marekani la Etsy lilipandisha makato yake ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu ya wauzaji wa kazi za mikono waliweka maduka yao likizoni kwa wiki nzima, kuanzia siku hiyo hadi tarehe 18. Ulikuwa mgomo wa watu ambao kwa karatasi hawana mwajiri. Makato hayakushuka, lakini mwaka huohuo wauzaji hao waliunda chama chao, na hilo si dogo kwa watu waliotawanyika namna ile.

KUUZA PICHA NA KUUZA HAKI

Saa peke yake hazitoshi kupanga bei. Picha ya baba wa mteja itaning'inia sebuleni. Nembo ya kampuni ya soda itachapwa kwenye magari, kofia na chupa kwa miaka mingi. Hata kama zote mbili zimechukua saa 9, si haki zilipwe sawa, kwa maana katika ile ya pili mteja hanunui picha tu, ananunua haki ya kuitumia kupata faida. Mchoraji aulize mapema: itatumika wapi, kwa muda gani, na nakala ngapi? Kila jibu lina bei yake juu ya ile bei ya saa.

Jambo hili linataka maandishi, nasi tunalisisitiza kwa sababu sheria haimwegemei mchoraji. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliandikwa kwamba kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, pasipo mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo, katika kifungu cha 31, inaihesabu hakimiliki ya kazi ya kuagizwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana tofauti. Kwa hiyo anayenyamaza ameuza vyote. Mistari miwili katika barua ya makubaliano yatosha: picha hii ni ya matumizi ya nyumbani, matumizi ya biashara yatalipiwa mbali. Nusu ya fedha ilipwe kabla ya rasimu, marekebisho yawe mawili, la tatu lina malipo.

Kuna na bei ya undugu. Shangazi akitaka picha ya arusi, hakuna mtu mwenye adabu atakayemtajia shangazi saa 9. Lakini hata hapo andika risiti yenye bei kamili, kisha uandike chini yake kwamba tofauti ni zawadi. Shangazi atajua amepewa nini, na majirani watakaoiona picha hawatadhani ndiyo bei.

Kuhusu programu zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno, zimeshusha bei, na hakuna haja ya kuficha. Zilifunzwa kwa picha za watu walio hai, na Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani walifungua kesi California dhidi ya wenye programu hizo. Lakini mchoraji wa mkono ana hoja ambayo hajaizoea kuitumia. Mwezi Machi 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza kwamba kilichotungwa na mashine, si mtu, hakipati hakimiliki. Kampuni inayotaka nembo iliyo yake peke yake ina sababu ya kumlipa mwenye kalamu. Ahifadhi rasimu zake zote, ziwe ushahidi.

PEKE YAKE HAWEZI

Mchoraji mmoja akisema 225,000 na wenzake tisa wakasema 54,000, amejifukuza sokoni. Ndiyo maana hesabu nzuri ya mtu mmoja haifiki mbali. Mwaka 1967 wachoraji wa Detroit walianzisha chama cha Graphic Artists Guild, na tangu mwaka 1973 chama hicho kinachapa kitabu cha bei na taratibu za kazi. Kitabu hicho hakiamuru bei, hueleza bei zinazolipwa. Sababu ni kwamba sheria za ushindani humhesabu mtu wa kujitegemea kuwa mfanyabiashara, na wafanyabiashara wakikubaliana bei hushtakiwa. Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwongozo Septemba 2022 unaowaruhusu watu wanaojitegemea peke yao kujadiliana kwa pamoja. Huku kwetu Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Uganda ina ya mwaka 2023, kwa hiyo chama kitafute wakili kabla ya kutangaza bei ya lazima.

Wala tusidhani wenye waajiri wamekwisha kufika. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Anayeajiriwa na anayejitegemea wanasimama katika shimo moja, na mteja wa dola 15 anawatazama wote wawili.

Lisilokatazwa na sheria yoyote ni daftari. Mchoraji aandike kila oda: saa za kuchora, saa za maneno, marekebisho mangapi, fedha iliyofika mkononi baada ya makato. Wachoraji kumi wakileta madaftari ya miezi 3, majina yakiwa yamefichwa, tutajua jalada la kitabu huchukua saa ngapi na hulipwa ngapi kweli, nasi tutayachapa hayo katika ukurasa huu, chini ya bei ya unga na ya mafuta ya taa.