Oili ya Injini: Ibadilishwe Lini, na Itumike Ipi?

Mashine ya kusaga nafaka inapokufa kijijini, hasara yake huonekana siku hiyohiyo. Akina mama huanza tena kutwanga kwa mchi na kinu, au hujitwika mahindi hadi kijiji cha jirani. Fundi anapoifungua injini, mara nyingi hukuta beringi zimelika, ringi za pistoni zimekwama, na chini ya injini kuna tope jeusi mfano wa lami. Mwenye mashine hushangaa, kwa kuwa oili haikupata kupungua hata siku moja. Kila ilipoteremka aliiongeza. Hakutambua kwamba kuongeza oili si kubadili oili.

Kosa la namna hii huwapata pia wenye magari na pikipiki. Maswali yao huwa mawili: oili ibadilishwe baada ya muda gani, na oili iliyo bora ni ipi? Majibu ya haraka husikika katika kila gereji, kwamba oili imwagwe kila baada ya kilometa 3,000, na kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini. Kila moja ya kauli hizi ina chembe ya ukweli, lakini hakuna inayotosha. Ili kupata jibu lililo sahihi yafaa kwanza kufahamu kazi ya oili ndani ya injini, na mambo yanayoichakaza.

Kazi ya oili

Chuma kilichosuguliwa hata kikang'aa bado kina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vya namna hiyo vikisuguana vikavu, vilima hivyo hugongana, hukatika na kutoa joto. Mwisho vyuma huweza kushikana kabisa. Oili huingia kati yake na kufanya utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu, na kwa utando huo chuma kimoja huelea juu ya kingine.

Nguvu ya utando huo iligunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza msuguano katika beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili kutilia oili, lakini mhimili ulipozunguka, oili ilipanda na kumwagika nje kupitia tundu lilelile. Aliliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Tower alitambua kwamba mhimili unaozunguka huivuta oili na kuibana kwa shinikizo kubwa, na shinikizo hilo ndilo linalobeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, alilieleza jambo hilo kwa hesabu, na hesabu zake zingali msingi wa usanifu wa beringi hadi leo.

Zaidi ya kupunguza msuguano, oili huondoa joto mahali ambapo maji ya kupozea hayafiki, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda, huzuia kutu, na huchukua masizi na uchafu mwingine hadi kwenye chujio. Kwa hiyo oili inayochafuka upesi si lazima iwe oili mbaya. Katika injini ya dizeli oili huweza kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa sababu imeyabeba masizi yasigande juu ya vyuma. Rangi peke yake haiwezi kuonyesha kwamba oili imechoka.

Mambo yanayoichakaza oili

Sehemu kubwa ya oili ni haidrokaboni zitokanazo na mafuta ghafi au zilizoundwa viwandani. Ndani yake huchanganywa kemikali za nyongeza. Baadhi, zenye kalsiamu au magnesiamu, huua asidi na kusafisha vyuma; nyingine, zenye zinki na fosforasi, hufanya ngao juu ya vyuma pale utando wa oili unapokatika. Kemikali hizi hutumika zikaisha, kama chumvi ghalani. Maadui wa oili ni wanne.

Wa kwanza ni joto pamoja na oksijeni. Oili ya injini iliyo kazini hufikia nyuzi 100 za Sentigredi, na karibu na pistoni huzidi sana hapo. Katika joto hilo oili huungana na oksijeni, ikawa nzito na kufanya ukoko. Kwa makadirio ya wanakemia, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya badiliko hilo huwa karibu maradufu.

Wa pili ni maji. Wanafunzi wa kemia wanaweza kulithibitisha jambo hili wenyewe. Tuseme petroli ni okteni tupu, yaani C8H18. Gramu 114 za okteni zikiungua kabisa hutoa gramu 162 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Basi kuungua kwake hutoa zaidi ya gramu 1,000, yaani takriban lita moja ya maji! Sehemu kubwa hutoka kwa bomba la moshi ikiwa mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya ringi na kuingia katika oili. Injini ikipata moto wa kutosha maji hayo hugeuka mvuke yakatoka; injini isipopata moto, hubaki humo.

Wa tatu ni asidi. Salfa iliyomo katika mafuta huungua na kufanya oksidi, nazo zikikutana na maji huwa asidi inayokula beringi. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliteremsha kikomo cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo iliipunguzia oili mzigo, lakini haikuuondoa wote, kwa maana asidi hutokana pia na oksidi za naitrojeni na kuchakaa kwa oili yenyewe.

Wa nne ni vumbi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za silika, na silika ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Chujio la hewa likiwa limetoboka au limefungwa vibaya, chembe hizo huingia katika silinda, huchanganyika na oili, na kuifanya isugue mahali pa kulainisha. Hapo injini hulika hata kama oili ni ya bei kubwa.

Kilometa 5,000 zisizo sawa

Baada ya kuwajua maadui hao, ni rahisi kuona kwa nini kilometa peke yake si kipimo cha kutosha. Chukulia magari matatu, kila moja limekwenda kilometa 5,000. La kwanza ni basi la safari ndefu, lenye mwendo wa wastani wa kilometa 60 kwa saa. Injini yake imefanya kazi kwa saa 83 hivi, tena ikiwa na moto wake wa kawaida na hewa ya kutosha. La pili ni daladala ya mjini ambayo, kwa sababu ya vituo na misongamano, ina wastani wa kilometa 15 kwa saa. Injini yake imezunguka kwa saa 333, mara nne ya ile ya basi, na muda mwingi gari lilikuwa limesimama juani. La tatu ni gari la mtu anayekwenda kazini kilometa 3 na kurudi. Limewashwa zaidi ya mara 1,600, na karibu kila safari ilikwisha kabla oili haijapata moto. Hilo la tatu huonekana limetunzwa kuliko yote, lakini ndilo linalokusanya maji na petroli ndani ya oili.

Mashine ya kusaga haina kilometa hata moja. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, kwa siku 30 hutimiza saa 180. Gari lenye wastani wa kilometa 40 kwa saa lingekwenda kilometa 7,200 kwa muda huo. Mwenye gari aliyefika hapo angekwisha kufikiri habari ya oili. Mwenye mashine huweza kukaa mwaka mzima akiongeza tu.

Maandishi ya kopo

Watu husema "oili nzito" na "oili nyepesi", lakini maneno hayo hayahusu uzani wa mizani. Yahusu mnato, yaani ukinzani wa umajimaji dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Mnato wa oili hupungua sana kwa joto: oili ya namba 40 ikiwa na nyuzi 40 ina mnato unaokaribia mara kumi ya ule ilio nao kwenye nyuzi 100.

Namba zinazofuata herufi SAE zilianzishwa mwaka 1911 na Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani. Katika maandishi 15W-40, herufi W husimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba 15 huonyesha tabia ya oili injini inapowashwa katika baridi kali, na 40 huonyesha mnato wake kwenye nyuzi 100. Namba ya pili ikiwa kubwa, utando huwa mzito zaidi injini ikiwa na moto. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili hufika upesi kwenye vyuma wakati wa kuwasha. Pwani hakuna baridi ya theluji, hata hivyo oili iliyolala usiku kucha ni nzito mno kuliko oili ya moto, na dakika za mwanzo ni za hatari kwa injini popote ilipo.

Herufi nyingine ni zile za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Zinazoanza na S ni za injini za petroli. Zinazoanza na C ni za dizeli. Kwa upande wa petroli, herufi ya pili kadiri inavyokuwa mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. Kiwango SA hakifai kwa injini nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1930, wala SF kwa nyingi zilizoundwa baada ya 1988. Kopo lenye mnato sahihi lakini kiwango cha zamani halifai.

Basi je, oili nzito ndiyo bora? La. Iliyo bora ni ile ambayo injini iliundiwa. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yametumika kwanza Japani, na vitabu vyake vimeandikwa Kijapani. Mnunuzi asiyeweza kuvisoma hutiliwa oili yoyote iliyopo. Lakini mara nyingi namba hupatikana kwenye mfuniko wa kutilia oili, kwa mfano 0W-20. Injini hiyo ikitiwa 20W-50, oili hupita kwa shida katika njia zake nyembamba, huchelewa kufika juu, na mafuta huliwa zaidi. Kinyume chake, injini ya zamani iliyoundiwa namba 40 ikitiwa namba 20, utando hukatika na shinikizo la oili hushuka.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuuonyesha mnato kwa bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano wala kisukumio. Liwekwe wima, mdomo wake uzibwe kwa kidole, kisha lijazwe oili mpya yenye halijoto ya chumba. Wanafunzi wapime sekunde zinazohitajika ili oili yote itoke. Kisha oili ileile ipashwe moto hadi nyuzi 60 kwa kutumbukiza chombo chake katika maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, na jaribio lirudiwe kwa bomba lilelile, safari hii mdomo ukizibwa kwa kizibo. Tofauti ya muda itaonekana bila shaka. Darasa laweza kulinganisha pia namba mbalimbali za oili.

Basi ibadilishwe lini?

Kipimo cha kwanza ni maagizo ya muundaji wa injini. Kwa magari mengi ya karne hii ni kilometa 10,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia, iwapo oili ni ya kiwango kilichotajwa. Maagizo hayo huwa na sehemu ya pili isiyosomwa na wengi: kwa kazi ngumu, yaani vumbi, mizigo mizito, safari fupifupi na foleni, muda upunguzwe, na mara nyingi hupunguzwa kwa nusu. Magari mengi ya kwetu yamo katika sehemu hiyo ya pili. Mashine za kusaga, pampu na jenereta zihesabiwe kwa saa, na saa hizo ziandikwe katika daftari kila siku.

Oili imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu, ili uchafu utoke pamoja nayo, na chujio libadilishwe pia. Oili iliyotumika ikachujwa na kuuzwa katika kopo jipya ni hadaa: kitambaa huondoa chembe, lakini hakirudishi kemikali zilizokwisha. Kopo linunuliwe likiwa na lakiri yake.

Oili chafu nayo haifai kumwagwa ardhini wala kupakwa nguzo za nyumba ili kufukuza mchwa, kwa kuwa hushuka hadi visimani. Tena ina kemikali ziwezazo kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika mara kwa mara. Ikusanywe katika dumu lenye mfuniko na kupelekwa kwa wanaoipokea, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Gharama ya oili na chujio ni ndogo ikilinganishwa na ya kutengeneza injini iliyokufa. Mwenye mashine anayejua saa ngapi injini yake imefanya kazi tangu oili ilipobadilishwa, na namba ya oili iliyomo, amekwisha kujikinga na sehemu kubwa ya hasara hiyo.