Ulimi wa Chozi

Enyi vijana wenye manati, kabla ya kumlenga chozi, someni kwanza habari za ulimi wake.

Vitabuni tumemwona ndege mdogo wa Marekani anayening'inia hewani akinywa utamu wa maua. Huyo kwetu Afrika hayupo. Huku Upareni tuna chozi, ambaye aghalabu hutua kwanza kwenye ua la mgomba ndipo anywe. Katika msitu wa Chome, penye kilele cha Shengena, yupo wa kifua chekundu, na ndugu zake wako Usambara.

Allah (S.W.) amemjaalia ulimi mrefu uliojikunja kama mrija. Wataalamu wamegundua miaka hii ya karibuni kwamba huubana ulimi juu, kwenye paa la mdomo, hewa ikatoka. Akiushusha, maji matamu hupanda yenyewe, kama tunavyovuta soda kwa mrija. Yule wa Marekani hafyonzi hivyo. Ulimi wake hubanwa na mdomo ukawa bapa, nao ukigusa maji hutanuka na kujaa. Subhanallah, kazi moja, njia mbili!

Chozi akimaliza, chavua imeshamganda usoni, naye huruka nayo hadi ua jingine, likapata kuzaa.